Saiti ya Kwaya

Mtaani kwetu Naviundu, ukijulikana kuwa una kompyuta, kupumzika basi. Ukionekana tu na begi la laptopu kwenye barabara ya Kasenga, jioni shemeji anapiga simu. Wa kwangu ni katibu wa kwaya ya parokia, na kamati ilikuwa imeshakata kauli kwamba kwaya iwe na saiti. "Shemeji, kitu kidogo tu," aliniambia. Kitu kidogo chenyewe kilikuwa ratiba ya mazoezi, picha, majina ya nyimbo, na namba ya kupigia wenye harusi na wenye matanga.

Kila niliyemuuliza alinitajia WordPress. Siibezi, tangu 2003 imewalisha wengi. Ila haikai peke yake: inataka PHP, inataka hifadhidata, inataka seva isiyolala, ili mtu akiulizia ratiba, ukurasa uundwe upya palepale. Na ratiba yetu ni Jumatano na Jumamosi tangu kwaya ianze. Niliisimika kwenye mashine yangu nijaribu, nikaingiza majina ya waimbaji, umeme ukakatika. Umeme wa bwawa la Inga unasafiri kama kilomita 1,700 hadi Kolwezi, unavuka mapori na mito. Mtaa wa pili hadi kwangu ndio unaoushinda. Uliporudi, hifadhidata haikumjua tena mtu, si soprano, si besi.

Basi nikageukia vyombo vya aina nyingine, vile vinavyoziunda kurasa zote kwa mkupuo mmoja na kukuachia mafaili makavu, yasiyohitaji hifadhidata wala mlinzi. Jekyll ya Tom Preston-Werner, iliyotoka 2008, ndiyo iliyoieneza njia hii. Unaandika maandishi ya kawaida yenye nyota na alama chache za Markdown, yenyewe inakutolea HTML. Tamu kabisa, ikishasimama. Lakini kabla ya Jekyll inakuja Ruby, na vifurushi vyake vinashuka kama watu wa matanga: umemwita mmoja, amefika na binamu zake, binamu wana mashemeji, na wote wanakula mega zako. Mega zangu zilikatikia kwenye Rouge, kifurushi cha kupaka rangi mistari ya programu. Kwaya yetu haina mstari hata mmoja wa programu. Ina Sanctus.

Kijana wa jirani akaniletea Hugo kwenye flashi. Hii nayo, aliyoianzisha Steve Francia mwaka 2013, ni faili moja la programu, haina ukoo. Inatema kurasa mia hata hujakaa vizuri kwenye kiti. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa raha, lakini shemeji aliona mapambo yaliyotengenezwa tayari, akapenda moja. Likagoma: linataka Hugo mpya zaidi. Flashi ikarudi kwa jirani, ikaja tena. Likakubali. Lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya mpiga picha wa nchi za baridi, na juu kabisa, penye jina la kwaya, palikuwa na mlima mzima wa theluji.

Mama Prezidenti wa kwaya aliutazama kwa heshima. "Ile njo wapi?" akauliza. "Likasi?"

Usiku huo nilikuwa nasoma kurasa za Archives of Popular Swahili, zile ambazo Johannes Fabian na Vincent de Rooij waliziandaa kutoka Amsterdam. Mle ndani mna historia ya mji wetu, iliyoandikwa 1965 na André Yav kwa Kiswahili chetu cha hapahapa, kwa niaba ya waliokuwa maboi wa Wazungu wa Elisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati huo. Kurasa zenyewe ni HTML tupu: maandishi, vichwa, viungo. Hakuna kinachocheza, na zimehamishwa anwani na bado zinafunguka kwenye simu yangu iliyopasuka kioo. Hata ukurasa wa kwanza wa mtandao, ule wa Tim Berners-Lee wa 1991, unasomeka mpaka leo. Nikafuta theluji. Nikaandika kurasa nne kwa mkono, kwenye programu ya kuandikia noti, nikazipakia kwenye GitHub Pages, ambako hawadai hata faranga moja. Zote pamoja, ukitoa picha, zilikuwa nyepesi kuliko ujumbe mmoja wa sauti wa shemeji. Na shemeji anaongea sana.

Jumamosi baada ya mazoezi kamati ikakusanyika. Mweka hazina akabonyeza kiungo kwenye simu yake, pale nyuma ya kanisa ambapo mtandao huja kwa kunyata. Saiti ikafunguka papo hapo. Kimya. Akaifunga, akaifungua tena. Ikafunguka tena papo hapo.

"Hii haina intaneti," akasema.

"Ndiyo yenyewe, Papa."

"Hapana. Intaneti inazungukaka kwanza. Hii ilikuwaka mu telefone tangu zamani. Unatudanganya."

Nikaomba simu nyingine. Ya alto mmoja ikafungua haraka zaidi, mambo yakazidi kuharibika. Mtu akakumbusha kwamba saiti ya benki huchukua dakika nzima, na benki ina pesa. Mama Prezidenti akafunga mjadala: wawekewe kale kaduara, kazunguke, hata kidogo.

Nikawawekea. Kanazunguka sekunde mbili, hakangojei kitu chochote, kisha kanatoweka. Mweka hazina ameridhika, na sasa anauliza kama kanaweza kuzunguka zaidi siku za sikukuu.