Mbwa Aliyekuwa Akiuma Zamani

Baba mdogo alipostaafu akapata muda wa kulishughulikia geti lake. Alilipaka rangi ya kijani, akatundika kibao cha bati, kisha kwa herufi nyekundu akaandika: THIS DOG USED TO BITE. Mama mdogo alimuuliza kwa nini asiandike "Mbwa mkali" kama majirani wote. Akajibiwa kwamba Kiswahili hakimtishi mwizi.

Mtaa mzima ulielewa. Walimwona "dog", wakaiona "bite", ya katikati hakuna aliyehangaika nayo. Hata muuza maziwa alikuwa anagonga geti kwa jiwe, kisha anarudi nyuma hatua kadhaa. Kibao kilifanya kazi yake vizuri kabisa mpaka siku alipokuja mtu anayejua Kiingereza.

Alikuwa msoma mita wa maji, kijana mgeni mtaani, kalamu sikioni. Alisoma, akatabasamu, akafungua komeo. Mbwa mwenyewe, Simba, alikuwa amelala chini ya mwembe. Mimi nilikuwa barazani nachambua mchele, na nilipoinua macho mguu wa suruali ya kaki ulikuwa mdomoni mwa Simba, mwenye suruali yuko juu ya pipa la maji.

"Mzee, shikamoo," alisema kutoka huko juu, maana adabu haikumtoka, "si umeandika mwenyewe kwamba ameacha?"

Baba mdogo hakuelewa kosa liko wapi. Mama mdogo alimteremsha kijana, akamwosha mguu kwa sabuni na maji mengi, akakuta jino halikufika kwenye ngozi. Kadi ya chanjo ya Simba ikaletwa, ikakaguliwa. Ndipo binamu yangu wa kidato cha tatu akapata nafasi ya maisha yake.

Alieleza kwamba "used to" ni ya jambo lililokuwa mazoea na sasa limekwisha. Ukiandika "I used to smoke", umemwambia msomaji kwamba sigara umeacha. Tabia inayoendelea haitaki mapambo, ni kitenzi kitupu tu: "This dog bites." Nadhani hu- yetu ndiyo inayotuponza. Mbwa huuma, mvua hunyesha, wala hu- haisemi ni jana au leo, basi mtu akiitafutia mwenzake wa Kiingereza anaokota "used to". Barua za kuomba kazi zimejaa "I use to wake up early", tena bila d, kwa kuwa mdomoni d ile humezwa na t na mkono huandika kilichosikika.

Binamu angeishia hapo angebaki shujaa. Akapendekeza "This dog is used to biting", akisifia ile -ing, kwamba ukishatanguliza "is" maana inakuwa kuzoea.

"Amezoea kuuma?" Mama mdogo akashtuka. "Watu watasema tunamlisha wageni."

Baba mdogo akaingia ndani, akatoka na Biblia yake ya Kiingereza, ile tafsiri ya mwaka 1611, kidole kikiwa kwenye Kutoka 21:36. Hapo pana ng'ombe anayejulikana kwa kupiga pembe, na "used to" ipo, imechapwa. Na kwa kweli alikuwa na hoja: Kiingereza cha zamani kiliruhusu maneno hayo yataje hata tabia isiyokoma. Hicho cha leo ndicho kilichoufunga mlango huo.

Kijana alikuwa sasa amekaa kwenye mkeka na kikombe cha chai. Akaomba, kwa upole, mzee amalizie mstari. Mzee akasoma kimoyomoyo, akanyamaza. Mama mdogo akaichukua Biblia, akatusomea: mwenye ng'ombe ambaye hakumzuia atalipa, ng'ombe kwa ng'ombe.

"Suruali kwa suruali," akasema, akafungua kabati.

Ilitoka ile ya suti ya kuagwa kazini, pana kiunoni kuliko alivyohitaji kijana. Aliondoka ameishika kwa mkono mmoja, na kwa hekaheka zile mita hakuisoma. Mwezi ule bili ikaja ya makadirio, ikaizidi bei ya suruali.