Barua ya wazi kwa Mamlaka Husika: tunaomba foleni iandikishwe kuwa kijiji

Mamlaka Husika,
S.L.P. mnayoijua wenyewe.

YAH: MAOMBI YA KUIANDIKISHA FOLENI YA MALORI KUWA KIJIJI HALALI NDANI YA MKOA WA SONGWE, PAMOJA NA MAOMBI MENGINE MADOGO MADOGO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa Mlowo hatujawahi kuwaona kwa macho, ila jina lenu tunalisikia katika kila mkutano wa hadhara. Akija mkubwa, akaulizwa habari za malori, anajibu kwamba suala hilo limefikishwa kwa Mamlaka Husika. Akija mkubwa zaidi, anatuambia Mamlaka Husika wanalifanyia kazi na mchakato uko hatua nzuri. Wote wanawataja kwa unyenyekevu mkubwa, hata tumeamini kwamba mpo, mna ofisi, na huenda mna kiyoyozi. Tumeona tuwaandikie wenyewe, tuwapumzishe hawa wanaotumwa kuwataja.

Hatuandiki kulalamika. Foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Tunduma kwenda Zambia tumeizoea. Siku nzuri inaishia Mpemba, penye mizani. Siku mbaya inapandisha kuja upande wa Vwawa kama mtu aliyetumwa kutafuta kiwanja. Kinachotukera ni kitu kidogo tu, nacho ni kushushwa.

Mnajua kushushwa? Pengine hamjui, maana gari lenu lina king'ora. Basi ni hivi: mtu anapanda Coaster hapa Mlowo kwenda Tunduma, analipa nauli kamili, anapakata mtoto, mzigo wake uko chini ya kiti. Gari linatembea, linapunguza, linasimama. Dereva anajaribu kutanua, anakutana uso kwa uso na tenki la mafuta lililotanua kabla yake, anarudi. Kisha kondakta anafungua mlango na kutangaza: "Jamani, mwisho wa gari hapa. Anayewahi, bodaboda wapo." Hapa ni wapi? Hapa ni katikati ya mahindi ya watu. Ukidai chenji ya safari iliyobaki, unaulizwa, "Kwani foleni nimeiweka mimi?" Na kweli hajaiweka yeye. Dereva wa lori hajaiweka. Askari hajaiweka. Upande huu wa mpaka wanasema kosa liko upande ule, na upande ule wanasema kosa liko upande huu. Basi mama anajitwisha gunia lake la maharage, anaingia kati ya magurudumu na mtaro, kwenye tope wakati wa masika na kwenye vumbi wakati wa kiangazi, na bodaboda anayempita anamtajia bei ya mtu asiye na ujanja.

Watu wazima hao, wengine bibi zetu, wanashushwa kwenye barabara iliyopita kwenye mashamba ya baba zao, ili mzigo usimame kwa raha.

Sasa, ombi letu kubwa. Tumekaa, tumetafakari, tumeona njia pekee ya kupata chochote ni kuacha kuiita foleni tatizo na kuitambua rasmi kama makazi. Iandikishwe kuwa kijiji.

Vigezo inavyo. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilitaka kaya zisizopungua 250 ndipo kijiji kiandikishwe. Foleni inazipata kabla ya saa nne asubuhi. Na msituambie kwamba kichwa cha lori si kaya. Kina godoro, kina pazia, kina jiko la gesi na sufuria, kina unga, kina redio, na nje kina kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kutoka kwenye kioo cha pembeni. Kina mkuu wa kaya, ambaye ni dereva, na kina utingo, ambaye kama watoto wote wa nyumbani hutumwa maji na haulizwi maoni. Sensa ya Agosti 2022 iliuliza kila mtu alilala wapi usiku wa kuamkia tarehe 23. Wapo ambao jibu lao la kweli lilikuwa: barabarani, nyuma ya lori la salfa.

Mipaka yake haina mgogoro. Magharibi ni geti la forodha, kaskazini mtaro, kusini mtaro. Mashariki ni pale lori la mwisho lilipozima injini, na mpaka huo utahakikiwa kila asubuhi na afisa ardhi mwenye pikipiki. Vitongoji vimeshajigawa vyenyewe: Kitongoji cha Matenki, wanaopeleka mafuta Zambia na Kongo, Kitongoji cha Salfa, wanaopeleka kemikali za migodini, Kitongoji cha Magari ya Japani, vijana wanaoendesha magari ya watu kwenda kwa wenyewe, ambao ni wakazi wa msimu na hawapendi kukaa kwenye mstari. Halmashauri ya kijiji itakuwa na wajumbe 25 kama sheria inavyoruhusu. Mwenyekiti atachaguliwa miongoni mwa walio katikati ya foleni, kwa sababu wa mbele anaweza kupata kibali ghafla akatuvukia Nakonde, upande wa Zambia, na mhuri mfukoni. Hilo likitokea, madaraka yatahamia kwa lori la nyuma yake bila uchaguzi mdogo, jambo litakaloiokolea serikali fedha nyingi. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila baada ya miezi mitatu. Hatuna wasiwasi na mahudhurio.

Anwani za makazi tunaomba zibandikwe mapema: Lori Na. 214, Mtaa wa Subira, Kijiji cha Mchakato. Wake wa madereva waliobaki Dar es Salaam na Kitwe watajua pa kutuma barua, na mwenye lori atajua pa kutuma nyongeza, maana posho ya njiani inaisha kabla ya njia.

Mnajiuliza sisi wa Mlowo tunafaidikaje. Ni hivi. Kijiji kikishaandikishwa, kinastahili zahanati. Kinastahili choo cha umma, maji ya bomba, taa, afisa afya na mtendaji anayepatikana. Vitu hivyo vikishafika kwa ajili ya malori, na tunajua vikiwa vya malori vitafika, sisi wa pembeni tutavuka kimyakimya usiku na kuvitumia. Tukikamatwa tutasema sisi ni wageni wa Lori Na. 214.

Maana njia nyingine tulishaijaribu, na iliwekwa na ninyi. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Wazee walihamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya ndani, wakaambiwa wasogee pamoja, na mahali pengi nchini maana yake ilikuwa kusogea barabarani, ili shule, maji na zahanati ziwafikie kwa urahisi. Wakasogea. Wengine walibomoa nyumba kwa mikono yao. Kisha barabara ikaanza kuwaogopa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zikaitoa hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30, na kwenye barabara kuu nchi nzima watu wakaanza kuamka na kukuta ukuta una X ya kubomolewa. Ya kijani unalipwa, ya nyekundu unajua mwenyewe. Mama wa mahindi ya kuchoma anafukuzwa kwa sababu kibanda chake cha miti minne kiko ndani ya hifadhi. Anakusanya mkaa wake anaondoka. Kabla moshi haujaisha, lori lenye tani 30 limeegesha palepale, linakaa siku linazotaka, linamwaga oili, na hakuna anayelipiga X. Hifadhi ya barabara inahifadhiwa kwa ajili ya nani, basi? Mtu aliyehamishiwa barabarani kwa amri anaondolewa barabarani kwa amri, na shaba inayotoka Kongo kwenda China inalala mlangoni kwake bure! Kobalti ya betri za magari ya umeme ya Ulaya inapita mbele ya mwanamke anayepuliza kuni, na mnachomwambia huyo mwanamke ni kwamba amekaa vibaya!

Samahani. Tulikuwa tunazungumzia anwani za makazi.

Maombi mengine ni mepesi, mnaweza kuyashughulikia wakati wa chai. Tunaomba chupa za plastiki zenye mkojo zinazotupwa kutoka madirishani ziwe na rangi moja, ili watoto wasizidhanie juisi. Tunaomba matenki ya petroli yaelimishwe kuhusu mama ntilie na majiko yao. Mama hao hawawezi kuhama, wateja wao ndio hao madereva. Tunaomba zebra ipakwe rangi, au kama rangi hakuna, aletwe punda milia mwenyewe alale pale. Mabinti wanaouza chai usiku waulizwe bei ya chai tu. (Hili la mwisho si utani, na mnajua si utani.)

Tunaomba pia foleni iingizwe kwenye orodha ya vivutio. Wilayani kwetu Mbozi tuna kimondo pale Ndolezi, kinakadiriwa kuwa na tani 16, na tangu kianguke hakijasogea hata hatua. Kinashikilia rekodi ya kukaa wilayani bila kuvuka mpaka, ingawa mashindano bado yanaendelea. Lakini kimondo kina kibao na kina uzio. Foleni, yenye tani nyingi kuliko hizo, haina hata choo.

Msije mkatujibu kwamba mmeshatuletea suluhisho. Tunakumbuka. Oktoba 5, 2019 marais wawili wa wakati huo, Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia, walizindua hapo mpakani kituo cha huduma za pamoja, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Tulipiga vigelegele, na majengo ni mazuri, tunayaona kwa mbali. Tunajua pia kwamba reli ya TAZARA inapita wilayani kwetu, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka. Haijawahi kuzifikia. Kila tani iliyokosa behewa ilipanda lori, na lori likaja kulala kwetu. Mwaka 2025 tulisikia mkataba mpya na Wachina wa kuifufua, dola bilioni 1.4. Tunaiombea. Na njia nne tumesikia zimeanza Mbeya, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Songwe. Tulishangilia mpaka tulipoelezwa kwamba Songwe hiyo ni uwanja wa ndege ulio mkoa wa Mbeya. Sisi ni Songwe ile nyingine, mkoa uliozaliwa mwaka 2016, ambao hauna uwanja wa ndege, una foleni.

Haki itendeke: wapo kwetu wanaokula kupitia foleni. Wenye nyumba za wageni, wauza vocha, wapika wali, vijana wa bodaboda. Hatuwaonei wivu. Na madereva wenyewe ni watumishi wa watu, wanaoga kwa kopo nyuma ya tairi, wanalinda mali isiyo yao, wakilala wananyonywa dizeli. Mara nyingine wamegoma kwa kuchoka kusubiri, na nchi ikagutuka siku hiyo, kwa sababu mzigo ulikuwa umekwama. Mzigo ukikwama kunaitishwa kikao. Mtu akikwama anaambiwa bodaboda wapo.

Hapo ndipo adabu inatuishia. Tunajua mama mwenye uchungu wa uzazi anavyotolewa upande wa Tunduma kuja hospitali siku ambayo malori yametanua pande zote mbili. Gari la wagonjwa linapiga kelele mpaka linachoka. Anashushwa, kama sisi wengine wote tunavyoshushwa, anawekwa katikati, kijana wa bodaboda mbele, mama mkwe nyuma, wanapenya mtaroni. Wengine wanafika. Na tunajua mteremko wa Senjele, kwenye barabara hii hii, unavyotudai watu kila mwaka, wakati magari madogo yaliyochoka kubanwa yanapojaribu kufidia muda kwa mwendo. Haya hayaingii kwenye takwimu za kucheleweshwa kwa mizigo.

Hivyo, Mamlaka Husika, mkiona kijiji ni gharama, zahanati ni ndoto na zebra ni anasa, fanyeni jambo moja ambalo halihitaji mfadhili wala jiwe la msingi. Wekeni askari usiku na mchana, mchore mstari, mzuie lori lolote lisitanue, upande mmoja wa barabara ubaki wazi kwa gari la wagonjwa na gari la abiria. Upande mmoja tu. Mwingine chukueni uwe wenu.

Wasalaam,

Wakazi wa Mlowo,
mkono wa kushoto ukielekea Tunduma, nyuma ya malori.