Usifungue Kabati

Usukani wa kujiendesha ukianza kuyumba, upige kofi la ubavuni, kama redio ya babu. Mashua ikiendelea kwenda nyokanyoka, omo mara Pemba, mara Shimoni, zima mtambo, washa, zima tena, kisha watangazie abiria kwamba umekufa. Watakuamini. Hapohapo ulizia bei ya mpya.

Kwa vyovyote usifungue kabati la chini ya kitanda, ilikofungwa dira ya mtambo. Ukifungua utakiona kikopo cha plastiki kisicho na sindano wala kioo. Ndani mna koili zinazopima sumaku ya dunia na kuipelekea kompyuta habari, nayo kompyuta huuamuru mkono wa usukani usukume au uvute. Ni kifaa kitiifu kupita kiasi. Sumaku yoyote itakayokifikia kitaipima, iwe ya dunia au ya ile spika uliyoisogeza juzi ili taarabu isikike vizuri ukiwa umelala.

Spika iache. Pembeni yake panga makopo ya maziwa, spana na kipande cha mnyororo wa nanga. Waya mnene wa betri ukipita hapo, bora zaidi, kwa kuwa umeme unaopita ndani ya waya nao huzaa sumaku. Mashua ikinyooka asubuhi nzima kisha ikapinda kila friji inapojiwasha, sema ni majini. Neno hilo baharini lina maana mbili, na zote zitakufaa.

Tatizo ni yule baharia mbishi ambaye hakosekani. Atataka kulinganisha mtambo na dira ya mkononi, akiwa mbali na vyuma: kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Tofauti ikiwa ileile pande zote, atasema kikopo kimefungwa kikiwa kimepinda kidogo, kigeuzwe. Ikibadilika kila mashua inapogeuka, atasema kuna chuma au sumaku karibu, na ataanza kulitazama kabati. Mpe chai.

Akiachiwa, atakitoa kila kitu humo, halafu alfajiri, maji yakiwa yamelala, ataizungusha mashua ndani ya hori la Kilifi, polepole, dakika mbili au zaidi kwa duara moja, mpaka kompyuta ijue dira inadanganywa kiasi gani kila upande. Wavuvi watapiga kelele kuuliza mmepoteza nini. Aibu tupu, ingawa si aibu mpya: mwaka 1838 Mwingereza George Airy aliigeuzageuza meli ya chuma iliyoitwa Rainbow kwa shida hiyohiyo, kisha akaweka sumaku za kuirekebisha dira yake. Lakini Airy alikuwa mwanaastronomia, hakuwa na abiria wa kuwafurahisha.

Mimi mwenyewe niliufuata mwongozo huu siku tatu, nikilaumu kompyuta, nikilaumu mkondo wa bahari, nikimlaumu hata aliyepaka rangi. Siku ya nne nilifungua kabati, lakini kwa sababu nilikuwa natafuta bisibisi. Ilikuwa imelala juu ya kikopo, na ncha yake ni ya sumaku, ya kuokotea skurubu.

Niliirudisha haraka. Dira mpya ilikuwa imeshalipiwa. Ilipofika niliifunga palepale, nikairudisha na spika.