YAH: MAOMBI YA BAHARI KUINGIZWA KWENYE KITITA CHA MAFAO

Kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Afya,
Dodoma.

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu. Sisi wa kisiwa cha Mafia hatujambo, ila wanaoumwa.

Tunashukuru kwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Kadi ya bima si ngeni kwetu. Mwaka 2018 ilikuja CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita, matibabu kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kaya zetu zina watu wanane, na bibi juu. Hao wa ziada tumewaagiza wasiugue.

Shida ni hiyo hospitali ya mkoa. Mkoa wetu ni Pwani na hospitali ni Tumbi, Kibaha, ambako pwani yenyewe haionekani. Mwenye rufaa kutoka Kilindoni huvuka kwa boti hadi Nyamisati, bahari ikikubali. Akapanda gari kupitia Mkuranga na Mbagala. Akakatiza jiji zima la Dar es Salaam, akiiacha hospitali ya taifa ya Muhimbili pembeni kwa heshima maana kadi yake haifiki huko. Kisha akaifuata barabara ya Morogoro. Akifika hai, basi hakuwa mgonjwa sana.

Na huyo ni wa Kilindoni. Wa kisiwa cha Jibondo hubebwa kwanza kwenye kiti cha plastiki kuifuata mashua iliyoachwa mbali na maji kupwa, wabebaji wamezama hadi mapajani, shemeji nyuma kainua chupa ya dripu kama karabai. Hiyo ndiyo ambulensi yetu. Mafuta ya mashine huchangwa msikitini, na risiti haitolewi.

Kadi inalipia daktari, vipimo, dawa na kitanda. Maji yaliyo kati ya mgonjwa na daktari hayamo, labda kwa kuwa kutoka Dodoma hayaonekani. Watalii wanaokuja kuogelea na papa potwe, wengi wao bima zao hukodi hata ndege wakivunjika mguu. Hatuwaonei wivu, tunauliza tu kama potwe naye ni mwanachama.

Tunaomba nauli ya rufaa iingizwe, ya mgonjwa na ya msindikizaji. Kama fungu halipo, aje ofisa mmoja mwezi Julai, kusi ikivuma, avuke na fomu ya rufaa mkononi, atuonyeshe tunapokosea. Avuke amelala chali.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Mafia.

Nakala: Kusi na Kaskazi, kwa utekelezaji.