Msimamizi wa Mirathi na Fomu Namba 5

Mirathi, yaani mali na madeni anayoyaacha marehemu, nchini Tanzania kwa kawaida huanzia kwenye kikao cha ukoo, ambacho humpendekeza msimamizi, mtu ambaye mahakama ikimteua hupata mamlaka ya kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi kilichobaki. Kanuni za mwaka 1971 zinamtaka msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo awasilishe ndani ya miezi 4 fomu namba 5, ambayo ni orodha ya mali na madeni yote. Lakini kanuni hizohizo, kwa wema wake, zinairuhusu mahakama kuongeza muda, na ukoo uliobobea hauhitaji mwanya mpana kuliko huo. Baba mdogo aliyelia kuliko wote msibani ndiye huwa wa mwisho kutia saini muhtasari wa kikao, kwa kuwa kodi ya vyumba vya uani hupitia mkononi mwake kila mwisho wa mwezi, naye anaamini kwa dhati kwamba haraka haraka haina baraka. Wakili naye, pale anapohusishwa, huwa yu njiani tangu alipopokea nusu ya ada, wakati jalada likiahirishwa na warithi wakiishiwa nauli. Hata hivyo, sheria haikumwachia mrithi subira peke yake: mahakama iliyomteua msimamizi inaweza pia kumwondoa, na mrithi yeyote anaruhusiwa kuiomba ifanye hivyo.