Sifa za Kutu ya Kijani

Malaba, wilaya ya Tororo, foleni ya malori ikiwa imegoma kusogea, nenda nyuma ya kabini ya lori lolote uchomoe ile plagi ya trela yenye pini saba. Ukikuta unga wa kijani umeganda kwenye shaba, vua kofia. Huyo ni mkubwa wa barabara hii.

Amesafiri zaidi ya kilomita 900. Chumvi ya bandari ya Mombasa ilimzaa, mvua za njiani zikamnywesha, na Tororo, ambayo vitabu vya rekodi viliwahi kuiandikia siku 251 za ngurumo kwa mwaka, ikamlea hadi utu uzima. Kwa utangamano wa Afrika Mashariki hana mpinzani. Umoja wa Forodha ulianza 2005, marais wawili wakaja Busia mwaka 2018 kuzindua kituo cha pamoja cha mpakani, na dereva bado anahangaika na makaratasi. Kutu ilikwisha kuvuka zamani, bila pasi wala kadi ya homa ya manjano.

Tena ina adabu. Panya hukata waya mara moja, aibu tupu. Kutu hupenya chini ya ganda la plastiki, ukiangalia nje waya ni mzima, ndani shaba imekuwa nyeusi na inavunjika kama tambi kavu. Inapenda hasa waya mweupe, unaorudisha umeme wa taa zote za trela kwenye betri. Njia hiyo ikizibwa, umeme hujitafutia njia kupitia taa za jirani. Dereva anawasha indiketa ya kushoto, na nyuma taa zote zinakonyeza kwa pamoja. Askari wa trafiki akiona hivyo, mazungumzo yanaanza, na mazungumzo ni uhai wa mpaka.

Kule New York watu hulipa nauli ya feri kuitazama kutu ya kijani kwenye sanamu iliyozinduliwa 1886. Ni kweli ile inailinda shaba na hii yetu inaila, lakini yetu ni bure.

Na ajira je? Fundi wa umeme, taniboi anayeshika tochi, mama anayeuza chai na chapati kwa dereva aliyekwama: wote wanakula mezani pa kutu.

Maadui zake nawajua. Kuna dereva mchoyo anayepaka grisi kidogo kwenye pini, anayebadilisha kifuniko springi ikilegea, na akikata trela haachi plagi ikining'inia mdomo juu kunywa mvua. Kuna mwenzake anayevisha mpira kila tundu la chesi ambamo nyaya hupita, kisha akazifunga zisisuguane na chuma. Watu wa namna hii wanaua biashara.

Heri fundi mwenye haraka. Anakata waya palepale ulipoliwa, hafiki penye shaba inayong'aa, anasokota mikononi mvua ikinyesha, anazungusha tepu nyeusi mara mbili na kupiga kofi bodi: "Tayari, mkubwa, twende kazi!" Dereva analipa kwa shilingi za Kenya, anarudishiwa chenji ya Uganda, anaondoka kuelekea Kampala. Kabla ya Bugiri indiketa zimeanza tena kukonyeza.