Ndege Yupo, Shahidi Hayupo

Anayetaka kujua majirani zake wanamfikiriaje na anunue darubini. Yangu niliinunua kwa bei ya kutupa kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, na nilipoiweka dirishani hakuna aliyeniuliza naangalia nini. Waliniuliza namwangalia nani.

Ninakaa ghorofa ya pili, Dar es Salaam, kwenye mtaa uliobanana kiasi kwamba jirani akikaanga dagaa wewe ndiye unayekohoa. Mbele ya dirisha langu kuna mwembe, na nyuma ya mwembe kuna kamba za kuanikia nguo za nyumba tatu. Ndege hutua kwenye mwembe. Basi ukimlenga ndege, unalenga na kanga za watu.

Na mwezi wenyewe ni Novemba, ambao kwa mpenda ndege ni sikukuu. Huko Ulaya na Siberia majani yamekwisha kupukutika. Watu hudhani ndege wanakimbia baridi. Wapi, manyoya wanayo. Wanakimbia njaa, kwa sababu wadudu wametoweka. Huku kwetu mvua za vuli zimeanza, kumbikumbi wanatoka ardhini kama waliopigiwa kengele ya shule, na kila mwenye mbawa aliyeko kaskazini anajua chakula kiko wapi. Mbayuwayu anafika, sululu anafika, keremkerem anafika. Sisi wenyeji hatuna habari. Tuko kwenye foleni ya Jangwani, maji yamefika magotini, tunahesabu ada za Januari.

Ila mchezo huu una sharti moja zito: shahidi. Ukisema umeona mbayuwayu, neno lako linatosha. Ukisema umeona ndege wa ajabu, unaonekana muongo mpaka itakapothibitika vinginevyo. Afrika Mashariki ina kamati kabisa ya ndege adimu, ambayo kazi yake ni kupima madai ya watu wa aina yangu. Utaeleza miguu ilikuwa rangi gani, mdomo ulikuwa na umbo gani, mwanga ulitokea upande upi, na nani mwingine alimwona. Nimepeleka posa mbili za wadogo zangu, sijawahi kuulizwa maswali kama hayo.

Sasa asubuhi moja baada ya mvua, kwenye mwembe ule, akatua kambu wa Ulaya. Kifua buluu, kichwa buluu, mgongo rangi ya mdalasini. Hawa huzaliana kuanzia Hispania hadi Asia ya Kati, kisha hupita kwetu wakielekea kusini, na kumkuta mmoja ametulia katikati ya mabati na madishi ya televisheni si jambo la kila siku. Nikashika darubini. Muda huohuo mlango ukagongwa.

Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, na nyuma yake mama wa nyumba ya pili, mikono kiunoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, nimeletewa malalamiko."

Nikamwambia, mzee wangu, umekuja wakati muafaka. Nimekosa shahidi, na shahidi mwenye mhuri ni bora kuliko wote. Nikamvuta hadi dirishani. Kumbuka ana umri mkubwa, miwani iko mfuko wa shati, na ameanza kuitafuta kwenye mfuko wa suruali. Alipoipata na kuivaa, kunguru walikuwa wamekwisha kuwasili.

Niseme kidogo kuhusu kunguru. Huyu tunayemwona kila mahali, mwenye shingo ya kijivu, asili yake ni India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi. Taka hazikuisha, yeye akavuka bahari, na leo anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na mgeni yeyote mwenye rangi nzuri anafukuzwa kabla hajapiga miayo. Wakamvamia kambu wangu saba kwa mmoja. Buluu ikapotelea upande wa Magomeni.

Balozi akaweka darubini machoni, akakaa kimya, akaizungusha polepole.

"Naona kunguru," alisema. "Na naona kanga za mama huyu. Sasa kesi inaeleweka."

Tukakubaliana kwamba darubini itumike upande wa barabara tu. Upande wa barabara kuna nguzo ya umeme na fundi viatu.

Nikahamia baharini, ambako hakuna anayeanika nguo. Pale Daraja la Salender, mto Msimbazi unapoingia baharini, maji yakipwa hubaki uwanja wa tope wenye vitwitwi wengi wanaokimbia huku na huku wakidokoa. Siri ya pale ni kutokwenda maji yakiwa yamekauka kabisa, maana ndege huwa mbali, vidoa tu kwenye upeo. Unakwenda maji yanapoanza kujaa, yanawasukuma ndege wakufuate wewe. Hii siri ni nzuri. Upungufu wake ni kwamba maji hayabagui, yanakusukuma na wewe.

Siku ile ilikuwa bamvua. Mbele yangu, kwenye ukingo wa maji, walisimama ndege weupe wenye migongo myeusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa. Nikasogea hatua moja. Kandambili ya kushoto ikabaki kwenye tope. Nikasogea kuifuata, ya kulia nayo ikaomba kubaki. Nilikuwa nimesimama peku, kitabu kikubwa cha ndege wa Afrika Mashariki chenye aina zaidi ya 1,300 nimekiinua juu ya kichwa kisilowe, ndipo akapita mama mmoja anayechokoa pweza, mti wake begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepoteza nini?"

"Naangalia wale ndege."

"Wanakudai?"

Nikamwonyesha picha kitabuni. Hakuitazama. Akawatazama wenyewe, akasema bila kusita kwamba wale si wa hapa, kwao ni Uarabuni, masika wanarudi. Na ndivyo kitabu kilivyoandika, tena kwa herufi ndogo zaidi: huzaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga kuanzia Bahari ya Shamu hadi Ghuba na Omani. Huchimba shimo mchangani, na humo jike hutaga yai moja tu, jeupe, jambo ambalo ndugu zake wengine wa pwani hawalifanyi. Majahazi ya Maskati yalisubiri upepo wa kaskazi ndipo yaje kwetu. Hawa hawasubiri upepo wa mtu.

"Na hapo wameandika kwamba wanatuibia kaa?" mama akauliza.

Huyu sasa alikuwa shahidi wa kweli: macho mazima, anajua anachokiona, hana sababu ya kusema uongo. Nikatoa kalamu nimwandike jina. Akarudi nyuma hatua mbili. Mtu wa mwisho kumwandika jina, alisema, alikuwa anakusanya fedha za kikundi cha akina mama, na mpaka leo wanamtafuta. Akaniokotea kandambili moja kwa ncha ya mti wake, akaenda zake. Ya pili nadhani ilivuka.

Mwisho wa mwezi tukasafiri kwenda Same, ukweni, kwenye kikao cha mahari ya shemeji yangu. Darubini niliificha chini ya mashuka kwenye begi, kwa amri. Lakini Same ipo jirani na Mkomazi, na ng'ambo ya mpaka ni Tsavo, ambako kwenye vilima vya Ngulia watu wamekuwa wakivika pete ndege wanaohama tangu 1969. Usiku wa ukungu usio na mwezi, taa za hoteli ya pale huvuta ndege wadogo kwa maelfu, wanatua wamechoka, wananaswa kwa nyavu laini, wanavikwa pete mguuni na kuachiwa waendelee na safari. Wengi wao ni shoro, vindege rangi ya udongo, visivyo na alama, visivyo na mvuto. Ukurasa wao kitabuni unaonekana kama mchapishaji alirudia picha moja kwa uvivu.

Mmoja wao nampenda kuliko tausi. Huzaliana Ulaya, Novemba hupita Tsavo, kisha huteremka kusini mwa Afrika. Dume wake huiga. Mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha alichokigundua Ubelgiji: kila dume aliiga kwa wastani sauti za aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu walikuwa ndege wa Afrika. Mbelgiji anafungua dirisha lake mwezi Juni, anaimbiwa habari za Mkomazi, naye anadhani ni wimbo wa kwao.

Kikao kinaendelea. Nyuma ya kiti cha baba mkwe kuna ua wa minyaa, na ndani ya minyaa kitu kidogo rangi ya udongo kikaruka tawi hadi tawi. Nikainama kushoto. Nikainama kulia. Nikanyanyuka kidogo kitini. Wazee wakanyamaza wote.

"Mkwe ana neno," baba mkwe akasema.

Sikuwa na neno. Lakini mbele ya wazee, aliyenyanyuka ni aliyenyanyuka. Akaongeza kwamba ni vizuri nimejitokeza mwenyewe, maana kuna mbuzi wawili wa mahari yangu ambao wamekuwa njiani kwa miaka mingi. Nikasema wanakuja. Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, na mpaka leo hajaniambia alikuwa analia au anacheka.

Tulipanda basi la kurudi Dar mawingu yakiwa yameshuka. Karibu na Korogwe mvua ikakatika, jua likatoka, na juu ya mashamba ya katani nikaona anga imechafuka kwa kozi. Wadogo, wengi mno, wanazunguka na kudaka kumbikumbi hewani kwa miguu na kula hukohuko juu. Kozi wa Amur! Wanatoka mashariki ya Siberia na kaskazini ya Uchina, wanapumzika Nagaland kule India, kisha wanavuka Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 3,000 bila mahali pa kukanyaga, na uzito wao haufiki robo kilo.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikasimama, nikapaza sauti: "Konda, kuchimba dawa!"

Basi likasimama. Kwa heshima ya shida yangu, abiria waliokaa upande ule wakageuza nyuso. Nikatembea hadi ukingo wa shamba, nikasimama, nikatoa darubini. Dakika zikapita. Sikuwa nimegusa zipu, nilikuwa nimekodolea mawingu na mdomo wazi.

"Mzee," konda akaita kutoka mlangoni, "hiyo dawa inachimbwa angani?"

Mashahidi arobaini na zaidi, wote wakiwa madirishani, na kozi wako juu ya vichwa vyao! Nikawapigia kelele watazame. Wakanitazama mimi. Mke wangu alivuta mtandio akajifunika uso mzima. Kaka mmoja wa Bukoba peke yake ndiye aliyeshuka, akatazama juu kwa makini sana, hata nikaanza kutafuta kalamu.

"Wanakula nini pale?" akauliza.

"Kumbikumbi."

"Senene hawali?"

Nikasema wakiwakuta watawala. Akasikitika kwa dhati. Huu ndio mwezi wa senene kwao, alisema, kilo inapanda bei, na kumbe kuna makundi yanatoka Siberia kuja kuwamaliza bila hata kuwakaanga. Alirudi ndani akawatangazia abiria, na nilipopanda nilikuta mjadala umekolea, wengine wakitaka serikali iingilie kati.

Chalinze tukasimama tena, safari hii kihalali. Konda akapiga bodi la basi kwa kiganja.

"Kuchimba dawa dakika kumi! Wa chini tu washuke! Wa angani abaki kwenye siti!"